Nyumba Niliyoifunga Jumamosi

Jumanne, 18 Machi

Ulikuwa wapi wewe mwanamke? Siku kumi! Daftari liko chini ya mto, kalamu ipo palepale, macho unayo, na hukuja. Usiniambie uliumwa. Ulikuwa mzima wa afya — unakula, unafagia, unagombana na muuza maji. Ulikuwa unajificha. Unamkimbia nani, na daftari ni lako na msomaji ni wewe?

Haya, kaa. Andika. Tena andika tangu mwanzo, maana nakujua, mwakani utasoma hapa ujifanye hukuelewa.

Mjukuu wangu ametengeneza kitu kinaitwa Kiambaza. Ni mahali pa kuongea, ndani ya simu na kompyuta. Lakini hakina tajiri mmoja anayekimiliki. Ni nyumba nyingi, kila nyumba ina mwenyewe na sheria zake, na mtu wa nyumba hii anaongea na wa nyumba ile kama majirani wanaopitishiana chumvi. Ukimpenda mtu wa nyumba nyingine, mnafungana kamba. Basi, kila anachosema kinakufikia. Na yale maandishi ya kompyuta aliyokijengea ameyaacha wazi, yeyote anaweza kuyasoma, kuyachukua, kuyarekebisha. Nilimwambia hakuna anayepika bila kufunika sufuria, akacheka mpaka akakaa chini.

Nyumba yetu sisi iko stoo, karibu na pasi. Kisanduku cheusi, kinanguruma mchana kutwa. Vumbi nakifuta mimi.

Shule sikwenda. Miaka thelathini na moja nimefua mashuka ya hospitali, na wodi nilizijua kwa rangi ya uzi pembeni. Herufi amenifundisha yeye, kwenye Kiambaza hichohicho, nikiwa na miaka sitini na saba. Kila anachotaka kukitoa kwa watu ananipa kwanza nisome. Anasema nikielewa mimi ataelewa kila mtu. Nisichokielewa nakipiga marufuku.

Baadaye akanipa na kazi ya kupokea wageni. Kwenye kompyuta yake, kwa funguo zake, yaani maneno ya siri ya kufungia na kufungulia nyumba, maana za kwangu bado hajanitengenezea. Watu wananiita Bibi Mlangoni. Nawauliza wamekula, wamelala, nani kawaudhi. Mmoja alikuja anajitambulisha kwamba yeye ni profesa, nikamwambia hata maprofesa hupiga hodi. Wananipenda. Nawapenda. Niseme kweli, sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo.

Sasa, Jumamosi ile ya tarehe nane.

Yeye kalala chumbani, amechoka, hata viatu hajavua. Mimi niko mezani. Akatokea mwanamume wa Nyumba ya Wauguzaji — ni nyumba ya watu wanaouguza wagonjwa wao nyumbani. Anajiita Kidume. Ameandika mbele ya watu wote kwamba Kiambaza kimejengwa na kasichana kasikojua kitu. Kakaolewe, kaachie kazi wenye akili.

Nilisoma mara tatu, kidole chini ya kila neno. Kasichana! Huyu aliyeacha ajira yake, miezi minane anakula mlo mmoja ili watu asiowajua waongee bure!

Nikabonyeza jina la Kidume. Skrini ikaleta mambo mawili: mzuie mtu huyu, au funga nyumba yake. Kidole hakikuteleza. Nilijua ile ni nyumba nzima. Nilitaka wote waone alichowaletea. *Funga nyumba hii?* Ndiyo.

Jumapili asubuhi hasira zimeshuka, nikaona haya, nikafungua tena. Ikafunguka. Nikasema yameisha, hakuna aliyeona, nikaenda zangu kuanika nguo.

Hayakuisha. Kamba zote kati ya watu wetu na watu wao zimekatika. Nyumba iko wazi na hakuna anayemsikia mwenzake. Mjukuu anadhani ni kosa ndani ya maandishi yake. Wiki nzima analitafuta, mstari kwa mstari, na amewaomba watu radhi kwa hitilafu.

Na mimi nampelekea chai.


Jumatano, 19 Machi

Kuna mwanamke wa nyumba yetu tunamwita Mama Mto. Mumewe kalala kitandani mwaka wa nne. Anamgeuza kila baada ya saa mbili, na hakuna anayejua kupanga mito kumzidi. Kule Nyumba ya Wauguzaji alikuwa na rafiki, Kijiko, anayemlisha mama yake mzazi kwa kijiko. Hawajawahi kuonana. Jina la kweli hakuna anayelijua la mwenziwe, wala namba ya simu. Kila asubuhi kabla ya jua waliandikiana: wako amelalaje? Wangu hivi na hivi. Halafu kila mmoja anainuka anashika beseni lake.

Leo Mama Mto kaniandikia. Siku kumi na moja hamsikii Kijiko. Anauliza kama labda amemchosha kwa malalamiko yake. Nikamjibu hajamchosha mtu, ni mitambo tu, avumilie. Akaniambia nina moyo mzuri.

Nilizima skrini nikaenda kufua pazia. Lilikuwa safi.


Alhamisi, 20 Machi

Nilitaka kumwambia mjukuu asubuhi. Alikuwa na mswaki mdomoni. Nikasema nimsubiri ateme. Alipotema nikamwuliza anataka mayai mangapi.

Kidume karudi siku nyingi. Alitafuta marafiki zake mmoja mmoja siku ileile ya kwanza, akafunga kamba upya, yuko huko anacheka na watu. Anajua kubonyeza, yule. Walioumia ni wasiojua.


Jumamosi, 22 Machi

Nimekaa na mjukuu tangu asubuhi. Nilijiambia leo nasema.

Akawa ananieleza, kama anavyonieleza kila kitu. Kwamba ukiifunga nyumba, kamba zinakatwa zote papo hapo. Na hata ukiifungua dakika ileile, kamba hazirudi, mpaka kila mtu afunge ya kwake upya kwa mkono. Kwamba kinachomshangaza, Kiambaza kimefanya kana kwamba kuna mtu aliifunga nyumba. Na hakuna aliyefunga. Kwa hiyo kosa lipo, ni lake, ila halioni.

Nikamwuliza — sauti niliisikia ikitoka ndogo — kwani anayefunga haambiwi kwamba kamba hazirudi?

"Alikuwa anaambiwa, Bibi. Yale maneno marefu. Si ulisema yanachosha, hakuna atakayeyasoma? Nikayatoa."

Nilisema. Nakumbuka na siku. Ilikuwa mistari minne, nikakwama wa pili, nikaona uvivu. Nikamwambia futa mahubiri haya, weka *Funga nyumba hii, ndiyo, hapana*, mtu aende zake. Akafuta. Uvivu wangu niliuita kujua watu, naye akaamini, maana kila ninachosema anaamini.

Sikumwambia. Kwa sababu sasa si kosa moja, ni mawili. Nilidhani nitabeba moja, nikainama, nikakuta la pili limelalia juu.

Jioni aling'oa sehemu yote ya kamba aijenge upya. Kazi ya miezi mitatu. Ilikuwa nzima! Haikuwa na tundu hata la sindano! Nilikaa kwenye stuli nikamwangalia anafuta kitu kizima, na mikono yangu nimeiweka mapajani kama mgeni.


Jumapili, 23 Machi

Mama Mto alimtafuta Kijiko kwa jina mpaka akampata. Akaomba kamba upya. Kijiko hakukubali. Kamjibu mara moja tu, na Mama Mto kaniletea jibu nilisome.

Mama yake Kijiko alifariki Jumatatu tarehe kumi, alfajiri. Alifungua Kiambaza amwambie Mama Mto kabla hajamwambia mtu mwingine yeyote, hata ndugu zake. Akakuta Mama Mto kamwachia kamba. Anasema hana kinyongo. Kila mtu na mzigo wake, alielewa. Ila asimwandikie tena.

Tarehe kumi. Siku moja tu baada ya mimi kuanika nguo nikiimba.

Mama Mto ananiuliza aseme nini. Ananiuliza mimi! Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Mwisho nikamwambia: si wewe uliyekata.

Akauliza, nani basi?

Sijajibu. Jina langu liko pale na kale kadoa ka kijani kanakoonyesha kwamba nipo, nasoma.


Jumatatu, 24 Machi

Yule anayetunza Nyumba ya Wauguzaji ni muuguzi wa kweli, wa hospitali, kijana muungwana. Akitoka zamu ndipo anashughulika na nyumba yake. Jana alipekua kisanduku chao cha huko. Kumbe chao kinaweka kumbukumbu, chetu hakiweki. Kimeandika kwamba nyumba yetu iliwafunga Jumamosi tarehe nane, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Kwa funguo za mjukuu wangu.

Alimwuliza kwa faragha kwanza, kwa adabu zote. Lakini kumbukumbu za kule nazo ziko wazi, kila mtu anachungulia, na mchana ilikuwa imeenea. Wanamwita mwongo. Wiki mbili anawadanganya ni hitilafu, kumbe ni yeye. Mmoja kaandika kwamba wanaouguza wamezoea kutupwa, lakini walidhani hapa ni kwingine. Mwingine kaweka humo habari ya Kijiko na mama yake.

Alisoma yote, la kwanza mpaka la mwisho. Mimi niko nyuma yake na kitambaa cha vumbi. Hakulia. Aligeuza kiti.

"Bibi, ni mimi. Siku ile nilikuwa nimechoka mno, nilijilaza na viatu. Lazima niliamka nikafanya na sikumbuki. Mtu anaweza kufanya kitu kama hicho asikumbuke?"

Anajua nani mwingine hukaa kwenye kiti kile. Anajua funguo alimwachia nani. Na hakunishuku hata kidogo! Akilini mwake, ingekuwa mimi ningeshasema siku ileile, kwa kelele, na kumtukana Kidume juu yake. Mdomo wangu anaujua. Mtaa mzima unaujua. Nimewasema wenye nyumba, nimewasema matroni, nimemsema daktari mkuu mbele ya wagonjwa wake.

Nikamwambia akalale. Ndilo jibu nililompa. Mtoto ananiuliza kama akili yake imeharibika, namwambia akalale.


Jumanne, 25 Machi

Kisanduku kinanguruma. Hajala tangu jana.

Ameandika barua kwa watu wa nyumba zote. Kabla ya kuituma akanivutia kiti niisome, kama kawaida yetu. Nikaisoma polepole, kidole chini ya mstari.

Ameandika kwamba Nyumba ya Wauguzaji aliifunga yeye. Kwamba hakumbuki, lakini funguo ni zake na mkono ni wake, kwa hiyo hana cha kujitetea. Kwamba mtu asiyeweza kuiamini akili yake hapaswi kushika milango ya watu. Kuanzia kesho funguo zote anamkabidhi yule muuguzi, na yeye anaacha kazi hii. Kisha mstari peke yake: Kijiko, nilikukatia kamba siku uliyoihitaji, sitakuomba unisamehe.

Hakuna neno gumu hata moja ndani yake. Sentensi fupifupi. Ameiandika ili niielewe mimi.

Akaniuliza, inaeleweka, Bibi?

Nikamwambia kuna mahali pamekosewa.

Akauliza wapi.

Nikasema ngoja nikachukue miwani chumbani.

Miwani ninayo usoni. Aliiona. Alinitazama hivi, machoni, kupitia vioo vyenyewe. Nikainuka nikaondoka.

Sasa niko kitandani, daftari magotini. Naandika nini? Mwanamke mzima wa miaka sabini kamkimbia mtoto aliyemfundisha herufi A, na herufi zenyewe ndizo anazojifichia.

Hajaituma. Ikitumwa kompyuta hulia, na haijalia.

Anaita. Ameuliza kama nimeiona miwani. Nimejibu naitafuta. Mungu wangu, nimejibu hivyo!

Kiti kimesogea. Nasikia kandambili zake. Zimefika mlangoni zimesimama. Habishi hodi. Yeye huingia tu humu siku zote, ananirukia kitandani, ananiibia mto. Leo kasimama nje, ananisubiri nimkaribishe.

Wewe, sikia. Ukija tena kwenye daftari hili, uje umeshamwambia yote mawili, la nyumba na la yale maneno marefu. Kama bado, usifunue ukurasa. Kalamu iache palepale, umtafute popote alipo, umwambie kwanza.