Maji Niliyotema Bila Jina Lako

Eldoret, kwenye ghala ya mbao

Kwa mtoto wa mama yangu, huko Mghange,

Nakusalimu kwanza, hata kama hukutarajia. Hamjambo hapo kwenu? Magoti ya shemeji yamepona? Mahindi yametoka, au mvua imewahepa tena? Mimi ni mzima, ila moyo. Mwili bado chuma. Lango hili nimelinda miaka ishirini na hakuna mwizi ametoka hapa hata na msumari mmoja.

Mwezi uliopita nilianguka hapo hapo langoni. Wakanipeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, akanifunga mashine ya presha mkononi huku ananipigisha hadithi. Kwenu wapi? Taita. Mama yuko? Alifariki. Una ndugu? Hapo mashine ikapanda.

"Mzee, umemkasirikia nani?"

"Sina hasira. Mashine yako ni mbovu."

Akacheka. "Mashine imekuchongea, mzee. Moyo wako umechoka. Vidonge nitakupa, lakini hicho ulichokifungia humo ndani mimi sina dawa yake."

Unakijua. Ulimzika mama bila kuningoja. Nilifika kesho yake, udongo bado mbichi, nikageuka bila kunywa hata maji kwako. Shangazi alinikimbilia akisema mvua ilikuwa inajaza kaburi. Sikutaka kusikia. Miaka tisa sijalitaja jina lako. Nikiulizwa nasema "yule". Mimi nikishasema nimesema, unanijua.

Asubuhi sista akaleta vidonge na kikombe cha maji. Nikameza. Maji yaliyobaki nikayaweka mdomoni, nikamkumbuka baba akitasa: anapuliza maji chini, anamtaja aliyemuudhi, anamtakia heri, hasira inatoka. Na mimi nikapuliza, fyaa, sakafuni.

"Wewe mzee! Umetema dawa!"

"Sijatema dawa, sista. Natasa."

"Unatapika?"

Wodi nzima ikacheka. Mimi sikucheka, maana jina lako lilikuwa limenikwama kooni. Baba alisema kutasa bila jina ni kumwaga maji tu.

Sasa daktari amenikataza safari ndefu. Kwa hivyo sitakuja. Nakuomba, mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu: simama pale kwa mama, chukua maji, unitaje na wewe. Na nikiletwa ndani ya sanduku, usimngojee mtu yeyote. Mvua inyeshe isinyeshe, nizike siku hiyo hiyo. Sitakasirika.

Msalimie shemeji. Na shangazi yetu aliyetulea, mwambie yule mbishi wake bado anabisha, ila pumzi imepungua.

Kikombe kiko hapa mezani. Nimejaza mdomo, nimepuliza, nimesema: Mwambi. Mwambi, mdogo wangu, uwe na heri.

Hilo doa kwenye karatasi ni maji. Usidhani nimelia.

Ni mimi, kaka yako,
Mwakio