Rangi Wanayosema Hukausha Damu

Mwaya, ufukoni
Mwezi wa Mei, 1911

Kwa kaka yangu mpendwa Asegelile, Makwale.

Mugonile, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba mguu wake umepoa tangu mvua zipungue. Huku kwangu afya ipo, kwa rehema za Bwana, ila kichwa kinaniuma kwa hasira, na sababu ya hasira hiyo ni wewe. Nisamehe kwa kuanza hivyo. Wewe ni mkubwa wangu, umenibeba mgongoni, na ninakuandikia kwa heshima. Lakini heshima haimzuii mtu kuchoka.

Hezroni, mkalimani wa daktari wetu Mdachi, alipita huko Makwale akarudi na maneno yako. Anasema ulisimama baada ya ibada ukawaambia watu kwamba Mdachi wa Mwaya ana rangi ya kukausha damu, na kwamba habari hiyo umeipata kwa dada yako Naomi, anayefanya kazi hemani mwake. Kaka! Mimi nilisema hivyo lini?

Ngoja nikueleze tena, na safari hii usisikilize nusu. Kazi yangu ni kuchemsha vitambaa na kuosha vile vipande vya kioo ambavyo daktari huwekea tone la damu ili alitazame kwa hadubini. Siku moja aliniita nichungulie. Niliona chembe za damu, nyingi, za mviringo, laini mno. Mbili zikibanana, moja hujikunja bila kupasuka, mfano wa jani la mgomba lililopashwa moto, ikapenya, kisha ikarudi kuwa duara. Ndipo akadondosha rangi ya buluu ukingoni mwa kioo. Ilipoingia, vidudu vya homa vilivyojificha ndani ya chembe vikajitokeza wazi. Lakini kadiri rangi ilivyozidi, chembe zenyewe zikawa ngumu. Zikibanwa hazikujikunja tena. Zilikwama, nyingine zikasinyaa. Daktari akaipiga meza ngumi. Hezroni alinitafsiria kwamba rangi humwonyesha chembe, na rangi hiyohiyo huiharibu, hivyo anachokiona si chembe kama ilivyokuwa mwilini. Ndiyo maana kila asubuhi anataka damu mpya isiyotiwa kitu, watu wanamkimbia, na mimi ndiye ninayetumwa kuwabembeleza.

Hayo ndiyo niliyokusimulia wakati wa Pasaka. Nilisema juu ya kioo, kaka. Rangi nyingi, damu tone moja. Mwilini sikusema.

Ni kweli kwamba rangi hiyo, kwa kiasi kidogo sana, daktari huwapa kama dawa wagonjwa wa homa wasiopatana na kwinini. Nilimwuliza mwenyewe kama haitawakausha. Hakunificha. Alisema vidudu huinywa zaidi kuliko chembe, na wengi amewaona wakipona. Lakini kama kuna chembe zinazokuwa ngumu humo ndani, hana jicho la kuziona, na hajui. Nilimkasirikia naye pia. Mtu amevuka bahari na masanduku yote yale, unamwuliza jambo moja, anakujibu hajui!

Najua hofu yako haikutoka hewani. Mwaka jana mwanao Elizabeth alipopewa kwinini, mkojo wake ukawa mweusi kama maji ya masizi, na sisi wawili tukamshika tukidhani anakata roho. Sasa homa imemrudia, unasikia kuna dawa nyingine inayogeuza mkojo kuwa buluu, unafunga mlango. Baba yeyote angeogopa. Lakini kuogopa ni jambo moja, na kumlaza mtoto mkekani ukimnywesha maji ya majani huku macho yanamzama ni jambo jingine. Nilikutumia salamu, hukujibu. Nikamtuma Hezroni, ukamwambia damu ya mwanao si ya kuchezewa kwenye vioo.

Sasa kaa chini, kaka.

Mkeo Anyisile hakwenda Ngana kwa mama yake kama alivyokuaga. Alikuja hapa, Elizabeth mgongoni, mwili wa mtoto ukiunguza kama chungu kilichotoka kuokwa. Sikumwita. Ila alipofika sikumrudisha. Daktari alimweleza yote, hata lile la kutojua. Wifi alimtazama mtoto, kisha akamjibu daktari: "Homa hii naijua inampeleka wapi. Nipe hiyo usiyoijua."

Akamnywesha kwa mkono wake. Mimi nilishika kichwa cha mtoto, nikiziona tena zile chembe zilizokwama. Hasira yote niliyokuwa nayo juu yako iliniishia pale. Nilitamani tu uwe karibu.

Imenirudia sasa, maana mtoto anapona. Homa haikukimbia mara moja. Ilishuka, ikapanda, ikashuka, mpaka jana akaomba ndizi ya kuchoma na kuinung'unikia kwamba ni ndogo. Mkojo wake ni wa buluu inayoelekea kijani, na si mweusi. Daktari anataka aendelee na dawa kidogo. Lakini wifi amesema hatarudi Makwale peke yake. Hataki kuingia kwake kama mwizi wa mtoto wake mwenyewe. Uje umfuate. Ukitaka kumgombeza, mgombeze hapa, mbele yangu, nikusikie. Na ukirudi, simama tena baada ya ibada useme ulichokiona, kama ulivyosema ambacho hukukiona.

Msalimie mama, na umweleze kwa upole, asije akashtuka. Ndaga kwa kusoma mpaka hapa, kama hujaichana. Elizabeth anakuamkia, anasema uje upesi kabla rangi haijaisha kwenye mkojo wake, maana watoto wote wa huku wameshauona, umebaki wewe tu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuchoka,
Naomi