Ukurasa wa Pili

Alhamisi, 1996

Na bado Mama Neema anasema tumeonewa! Mwenyekiti mzima wa klabu yetu ya akina mama, kaishusha fremu ya barua ukutani, kaifunga kwa kanga, tukatembea nayo mtaani Kashaulili kote kama tumebeba picha ya marehemu.

Tulitaka cherehani za msaada zitoke stesheni ya reli bila kulipiwa kodi. Afisa wa kodi akaisoma barua yetu ya msamaha wa kodi kupitia kioo, taratibu, halafu akaweka kidole kwenye maandishi ya chini. "Mama zangu, huu ni ukurasa wa kwanza kati ya miwili. Wa pili uko wapi?"

 Miaka mitatu tunaifuta vumbi barua hiyo kila Jumamosi, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Anataka chai huyo," Mama Neema akaninong'oneza. Nikamwamini. Njia nzima nimemlaani yule bwana.

Fremu nikaja nayo nyumbani kwangu, nikaing'oa misumari. Ukurasa wa pili ulikuwemo, nyuma ya wa kwanza. Seremala aliuweka humo ili kioo kikaze. Unasema msamaha ni wa miaka miwili tu, baada ya hapo klabu iombe upya. Umekwisha tangu mwaka jana.

Nilikuwa tayari kumlaumu seremala, hata Mama Neema na fremu yake. Lakini chini pameandikwa: nimesoma na kuyaelewa masharti haya. Sahihi ya katibu.

Ni yangu. Siku ile ya kupokea barua ngoma zilikuwa zinalia nje, nikasaini nimesimama.

Kesho Mama Neema anawapeleka wanachama wote kwa afisa kulalamika. Kaniambia nizungumze mimi, kwa sababu ndimi msomi wao.