Nimemtoa Binti kwa Chupa Moja ya Soda

Jumapili, saa moja asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya mtaa wetu wa Rwezamenyo, Kigali, na baridi inapita chini ya mlango. Nimekaa kitandani na soksi mbili mbili. Kichwa changu hakiko sawa.

Nianze na lililo wazi. Jana, mbele ya watu kama sitini, nilimtoa binti yangu aolewe kuzimu. Waliniletea chupa ya soda, nikanywa.

Lisilo wazi ni kama nilimtoa binti wa kwenye mchezo au nilimtoa mdogo wangu.

Mnaonisoma siku zote mnakijua kikundi chetu. Tuko vijana kumi na wanne, tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule moja Kimironko, na mwaka huu mwongozaji wetu, Kamanzi, ametuletea hadithi ya Wagiriki wa kale, yote kwa nyimbo. Demeta ni mama wa mazao yote duniani na ana binti mmoja. Mfalme wa kuzimu anapasua ardhi, anamnyakua binti, na mama analia mpaka mashamba yanakauka. Mwishowe binti anaruhusiwa kurudi, lakini keshakula mbegu za tunda la kule chini, kwa hiyo kila mwaka lazima amrudie mumewe kwa miezi kadhaa. Tunda lenyewe ni komamanga. Sokoni tulizunguka tusilipate, tukanunua matunda damu.

Binti ni Zulfa, mdogo wangu wa tumbo moja, ana miaka ishirini. Mama ni mimi, nina ishirini na mitano. Sitasema uongo: nilitaka kuwa binti. Kamanzi aliponipa umama nilicheka mbele za watu, kisha nikaenda kununia chooni.

Kosa la jana lilianzia kwenye nguo. Mama yetu ni fundi cherehani pale sokoni Kimironko. Kamanzi alimwonyesha picha za Wagiriki kwenye simu, wanawake waliofunga shuka begani upande mmoja. Mama akaitazama moja, akasema, "Huyu si amevaa mushanana?" Akatushonea mishanana, mavazi yetu ya sherehe. Tulipendeza kweli. Ila hakuna mtu wa Kigali atakayeona wanawake watano wamejipanga na mishanana halafu asijue kwamba kuna binti anakuja kuombwa.

Tena jana ilikuwa umuganda, ile siku ya kila mwezi ya kusafisha mitaa. Watu walikuwa wametoka kusafisha mtaro nyuma ya shule, wamechoka, wana majembe mikononi, na mvua ikawakuta. Wakaingia ukumbini kujikinga. Kamanzi akafurahi, akasema tumepata watazamaji wa bure, tuwaonyeshe sehemu ya kwanza.

Mjumbe wa kuzimu ni Fideli. Siku za wikendi Fideli anakodiwa kwenye sherehe za kuposa, ndiye msemaji wa upande wa bwana harusi. Kwenye mchezo kazi yake ni kupiga ukelele mmoja tu: turubai la kahawia, ndilo ardhi yetu, linapasuka, mfalme anatoka, binti anachukuliwa. Nusu dakika.

Jana aliingia, akaona mishanana, akaona wazee wamekaa mbele. Sauti yake ya kazini ikamtoka yenyewe.

"Wazee wa hapa, tumefika na heshima zetu. Kwetu huko chini iko mambo yote, lakini hatuna wa kutuwashia taa."

Ukumbi mzima ukaitikia. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukimbilia nyuma, kama kitabu cha mchezo kinavyosema. Lakini nimekulia kwenye sherehe hizi, na mtu akikuomba hivyo mdomo unajibu kabla yako. Nikamwambia, "Hapa hakuna binti. Mumepotea njia, jaribuni kwa jirani."

Watu wakapiga makofi. Fideli akanirudishia, nami nikamrudishia. Alisifu mashamba yangu, akasifu miguu yangu, akasema mfalme wake hana mama mkwe mwingine ila mimi. Nilikuwa natamba, jamani. Kwa miezi mitatu sijawahi kuchekesha mtu kwenye jukwaa lile.

Kisha akanyanyua soda ya Kamanzi iliyokuwa pembeni, akaifungua, akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili.

Nikapokea. Nikanywa.

Hapa kwetu ukipokea kinywaji cha mwombaji ukanywa, mazungumzo yamekwisha. Vigelegele vilipigwa mpaka Kamanzi akaziba uso kwa karatasi zake. Fideli akamshika Zulfa mkono, akampeleka kwenye turubai, nami, kwa heshima zote za mama wa bibi harusi, nikashika pembe ya turubai nimfunike mwanangu vizuri.

Pale ndipo Zulfa aliponitazama akasema, polepole, "Hukuniuliza."

Katika onyesho lile Zulfa hana neno hata moja. Kitabu hakikumpa. Anachukuliwa, basi.

Muziki ukaanza na ikabidi niimbe ule wimbo wa kuomboleza, nimwimbie mwanangu aliyeibwa. Sikumaliza hata mstari wa kwanza. Bibi mmoja mstari wa mbele, amebana jembe kati ya magoti, akapaza sauti: "Yewe mama, sasa unaria nini? Si umekunywa soda yao?"

Walicheka mpaka wengine wakainamia majembe yao. Mimi niliendelea kuimba kwa sababu sikujua la kufanya. Nilitazama turubai limetulia, nikajua yuko chini pale, ananisikia, na sauti ikanikatika. Ikakatika kweli. Kamanzi ameniambia miezi mitatu kwamba nalia kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Jana kicheko kiliisha kidogo kidogo, na yule bibi akavua kofia yake ya plastiki akaishika.

Sasa niseme la nyumbani, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini sikulala.

Alhamisi walikuja watu kumposa Zulfa. Kijana ana duka la vitambaa Mwanza, safari ya mchana mzima kwa basi. Alimwona Zulfa kwenye harusi ya binamu yetu, mwaka haujaisha. Ana adabu, anasali, alivua viatu akavipanga pamoja na vya wengine. Mama akaniita pembeni, sindano mdomoni, akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Tangu baba afariki ananiuliza mambo yote.

Nikasema, "Sina neno, Mama. Ni mtu mzuri."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza tangu jana. Kwa sababu ya vile viatu? Kwa sababu nilijisikia mkubwa, kuulizwa? Kuna jingine, acha niliandike lipate kutoka: mimi sijaposwa, na sikutaka mtu aseme namwonea mdogo wangu wivu. Tena chumba chetu ni kidogo, na kwa sekunde moja niliwaza nitapata kitanda peke yangu.

Kisha Baba mdogo Hamadi, ambaye sasa ndiye anayesimama mahali pa baba, akamgeukia Zulfa mbele ya wote na kumuuliza kama ameridhia. Zulfa akatazama mkeka. Baba mdogo akangoja kidogo, akatabasamu, akasema kama wanavyosema siku zote, kwamba kimya cha mwari ndiyo idhini yake. Watu wakasema alhamdulillah. Leo, baada ya adhuhuri, anawapelekea wale wageni jibu. Wamefikia kwa ndugu zao hapa Nyamirambo, na jioni wanapanda basi.

Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwa Zulfa siku ile. Nilikiona kile kimya kwa karibu kuliko wote. Sikukiona kina nini ndani.

Na jana akasema "Hukuniuliza."

Ni binti wa mchezo aliyekuwa anamwambia mama yake? Zulfa ni mchezaji mzuri kuliko mimi, angeweza kujiongezea neno kama Fideli alivyojiongezea posa nzima. Au ni Zulfa aliyekuwa ananiambia mimi? Nilimtafuta baada ya mazoezi, nikamkuta anakula yale matunda damu na wenzake, anacheka, mdomo mwekundu. Aliyeumia anacheka hivyo?

Kamanzi amenichanganya zaidi. Nilimwendea kuomba radhi. Amekulia Kampala na akisisimka anarudi huko. "Banange, Mariamu! Iyo soda inabaki! Sasa huyu mama analia kwa sababu ni yeye alikubali. Si uliona watu walinyamaza?" Nikamwomba basi ampe binti mstari mmoja pale, aulizwe na ajibu. Akakuna kichwa. Akasema akijibu hapana hatuna mchezo, na akijibu ndiyo hatuna wimbo wa kulia.

Na mchezo kweli unapendeza hivi ulivyo.

Mama alikuwa ukumbini na pini zake, na nadhani ni yeye peke yake ambaye hakucheka. Tulirudi naye kwa basi, Zulfa amekaa mbele yetu. Tulipofika mjini ndipo Mama aliposema, bila kunitazama, "Mimi posa yangu niliisikilizia jikoni. Nilikuwa napepeta mchele."

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Baba yenu alikuwa mtu mwema. Nilibahatika." Akashuka.

Ndiyo kusema nini? Kwamba nasi tubahatishe? Au kwamba haifai mtu kuolewa kwa bahati? Nimelala na hilo, nimeamka nalo.

Zulfa yuko uani sasa hivi, anafua mishanana yenye matope ya umuganda. Namsikia anaimba. Ni wimbo wangu, ule wa kulia. Anauimba vizuri kuliko mimi. Ninaogopa kutoka. Nikimuuliza na akasema hataki, itabidi nikamkabili Baba mdogo, na maneno ya wakubwa yakishatoka ni maji yaliyomwagika. Akisema anataka, nitakuwa nimejitia kiherehere bure.

Naogopa zaidi kukaa hapa mpaka adhuhuri.

Saa tano.

Zulfa ameniruhusu kuandika haya, mradi nisimtaje jina kijana wa watu.

Nilitoka. Alikuwa anahangaika kukamua mushanana peke yake, nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukawa tunasokota kila mtu upande wake, maji yanatudondokea miguuni. Nikamuuliza hivyo hivyo, bila utangulizi. Unamtaka?

Aliacha kusokota. Akanitazama muda mrefu hata nguo ikaanza kusokotoka yenyewe.

"Sijui, dada."

Nikangoja.

"Kweli sijui. Hakuna aliyeniuliza. Baba mdogo aliniuliza lakini jibu alikuwa nalo. Nikaona hata nikifikiria ni kazi bure, kwa hiyo sikufikiria. Mpaka jana."

Nikamuuliza, jana ulikuwa unamwambia nani? Akasema hilo pia hajui. Lilitoka tu, nusu kwa Demeta na nusu kwangu. Kisha akalia, nami nikalia, na mushanana ukaanguka kwenye matope ikabidi ufuliwe tena. Anaomba wiki mbili. Anataka azungumze na yule kijana kwa simu, amuulize mambo yake mwenyewe, kama ataimba huko Mwanza, kama atakuja kutuona.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Amesikia yote. Aliingia ndani, akarudi na simu yangu, akaniwekea kiganjani.

Nikampigia Baba mdogo. Mikono ilikuwa inateleza sabuni. Nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, naomba leo usipeleke jibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Zulfa hajajibu, Baba mdogo."

"Mariamu, wewe si ulikuwepo? Mtoto alinyamaza."

"Ndiyo, Baba mdogo," nikasema. "Alinyamaza."

Upande wa pili pakawa kimya. Nikamsikia anavuta pumzi, nikasikia na redio yake kwa mbali, kisha simu ikakatwa, sijui na yeye au na mtandao. Ni saa nzima sasa. Hajapiga tena, na adhuhuri inakaribia.

Zulfa ananiuliza, kimya cha Baba mdogo nacho ni idhini?