Kwa Mutua, Uliyenishikia Simu Nikibadilisha Lenzi

Kaka Mutua,

Nikikupigia simu inaita mpaka inakatika, na ujumbe wangu unaonyesha umeusoma. Sikulaumu. Nakuandikia hapa kwenye kundi letu la WhatsApp, Watanzania, Wakenya na Waganda wote wa hapa Naif, huku Uarabuni, wakisoma, kwa sababu nilikuchafua mbele ya watu na kukuomba radhi chemba kungekuwa uoga mwingine. Wasiotujua na wajue kwamba tulilala kitanda kimoja cha deka, wewe chini, mimi juu, mwaka mzima na zaidi, katika flati ya watu wanane.

Unakumbuka asubuhi niliyofika? Nilikuwa na begi moja lenye kufuli tatu. Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka zamu, sare ya ulinzi bado mwilini, macho mekundu. Uliliangalia lile begi ukacheka. "Mbongo, sasa makufuli yote hayo ni ya nini? Umebeba dhahabu?" Ndani mlikuwa na suruali mbili na maharage ya Lushoto aliyonifungia mama. Kitanda cha juu kilikuwa hakina godoro, basi ukanipisha kwenye chako, ukatandika blanketi sakafuni ukalala pale. Na mimi, badala ya kushukuru, nikalala na begi chini ya kichwa.

Ndivyo nilivyo, unanijua. Nikitoka bafuni nahesabu viatu vyangu. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu najiuliza anataka nini. Kazi nayo imenizidishia. Kutwa niko Al Quoz kwenye karakana ya kamera za ulinzi, au niko juu ya ngazi kwenye nyumba ya mtu, madam yuko chini ananiambia anataka amwone dada wa kazi mpaka anakoanikia nguo. Ukiulizwa kila siku "na pale pembeni hapaonekani?" mwishowe na wewe unaanza kuamini kwamba mambo yote mabaya yanafanyika pale pembeni.

Kamera ya jikoni kwetu niliiweka mimi, viatu vilipoanza kupotea mlangoni, na wote mkakubali. Ilikuwa inaona mlango na friji, basi. Jiko lilikuwa kushoto, nje ya picha. Halikunisumbua mpaka lilipokuja suala la maharage.

Kila Ijumaa nilikuwa napika sufuria ya maharage ya nazi ya kunitosha wiki. Friji letu unalijua, mlango haufungi mpaka uegemezwe dumu la maji. Maziwa ya mwenzetu Kato yalikuwa yanaganda siku ya pili tu. Maharage yangu yalikuwa yanafika Alhamisi mazima kabisa, tena yamekolea kuliko siku ya kwanza. Nikajivuna kwenu wote, nikasema hayo ndiyo mapishi ya Tanga. Wewe ukaitikia tu, "Eeh, Mbongo unajua kupika."

Lakini yalikuwa yanapungua. Jioni nikimaliza kula, nilianza kukwaruza alama kwa msumari ndani ya sufuria, usawa wa mchuzi. Kesho yake nikirudi, mchuzi uko chini ya alama. Nikakwaruza tena, ukashuka tena. Basi nikafungua kamera kwenye simu, na nikakuona wewe. Saa tatu asubuhi, mimi niko kazini, unafungua friji, unachukua sufuria yangu, unapotelea nayo kushoto. Baada ya muda mrefu unairudisha. Niliangalia siku nne mfululizo, na siku zote nne ilikuwa hivyo hivyo.

Ningekuuliza. Swali lenyewe lilikuwa dogo na tulikuwa tunaonana kila jioni kabla hujaenda zamu. Sikukuuliza kwa sababu nilikuwa nataka kukukamata. Mtu akiulizwa anapata nafasi ya kujitetea, na mimi nilishakata shauri.

Ndiyo maana ile Ijumaa nikabadilisha lenzi. Nilikuwa nimeitoa kwenye kamera mbovu karakanani, arbab, bosi wangu, akaniambia khalas, basi, chukua. Ile ya zamani ilikuwa ya milimita sita, inaona mbali lakini kwa wembamba. Hii ni ya mbili nukta nane, inatanua picha mpaka pembeni. Kuifunga si kazi kubwa, kazi iko kwenye kuizungusha kidogo kidogo mpaka picha itulie, na hapo lazima mwenzako akutazamie simu. Kato alikuwa kajifunika shuka. Ukaja wewe, mkono mmoja umeshika kiti nisianguke, wa pili umeshika simu yangu.

"Bado," ulisema. "Bado. Umepita, rudi kidogo. Hapo. Hapo iko sawa."

"Unaona mpaka wapi?"

"Naona mlango, naona friji, naona jiko yote mpaka ndoo ya takataka." Ukacheka. "Sasa unatafuta nani, Mbongo?"

"Mwizi," nilisema, nikikutazama usoni.

"Kwani kuna kitu imepotea?"

"Tutaona."

Ulinishika mkono nikashuka kwenye kiti, ukanirudishia simu yangu. Na mimi nikautafsiri utulivu wako nilivyotaka. Baadaye nikawaambia wenzetu, "Subirini kesho mtaona Mutua anavyokula sufuria yangu." Nilikutaja kwa jina. Kato amekiri kwamba alikwambia jioni ile ile, ukifunga viatu vya zamu.

Jumamosi nikiwa Al Quoz nilijitenga nyuma ya maboksi nikafungua simu. Lenzi pana inafanya watu waonekane wadogo na kuta zipinde, lakini ulionekana vizuri. Ulichukua sufuria mbili, yangu na yako. Ukawasha majiko mawili. Ukakoroga kila moja na kijiko chake. Ukasimama pale na uchovu wako wa usiku kucha mpaka zote zikachemka, ukaziweka kwenye beseni la maji zipoe, ukazifuta, ukazirudisha, ukaegemeza dumu. Hukuonja hata tone. Hukuitazama kamera hata mara moja.

Unajua nilisema nini? Niliwaita wenzangu wa karakana nikawaonyesha. "Mnamwona huyu anavyojua kuigiza? Kashajua anaonekana." Tukacheka. Katika yote niliyokufanyia, kicheko kile ndicho kinachoniuma zaidi.

Niliporudi, kitanda chako kilikuwa godoro tupu. Kato akasema umehamia kwenye malazi ya kampuni yenu Al Jaddaf, kule unakolinda jengo ambalo bado halijaingia watu. Mwaka mzima ulikataa kuhamia huko, ukisema hakuna wa kupiga naye stori. Nikasema moyoni, mwenye hatia kakimbia.

Jumatatu jioni nikafunua sufuria. Juu kulikuwa na povu, na harufu yake ikamtoa Kato jikoni. Hata hapo, kaka, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba umeniwekea kitu kabla hujaondoka. La pili ndilo lililonikalisha chini. Nilikumbuka jioni moja ya mapumziko, wewe chini mimi juu, unanisimulia kwenu Kitui. Ulisema, "Kwetu anayeamka kwanza ndiye anachemsha chakula imebaki ya nyumba yote, isiharibike." Na mimi nikakujibu kwamba kwetu anayeamka kwanza ndiye anayekimaliza. Ulicheka mpaka kitanda kikatikisika.

Nilikudanganya. Kwetu pia kinachemshwa. Mama alikuwa anakichemsha kila alfajiri, mimi nilikuwa nimelala.

Lakini mimi ni mimi, nikataka ushahidi. Jumatatu ile ile nikapika mengine, nikala, nikakwaruza alama. Jumanne nikaamka kabla ya basi la kampuni, nikawasha jiko, nikasimama pale nikiyatazama yanavyotoa mvuke. Yalipopoa nikachungulia. Mchuzi ulikuwa umeshuka chini ya alama kwa upana wa kidole. Nilikuwa peke yangu jikoni na hakuna aliyekula. Niliona aibu nikashindwa hata kunywa chai.

Sasa nimesema, na wote wamesoma. Mutua hakula kitu changu hata siku moja. Alitoka zamu amechoka, akanichemshia chakula changu, nami nikamwita mwizi. Nisamehe, kaka. Kamera nimeigeuza, inatazama viatu tu.

Jambo moja limebaki. Jumatatu hiyo nilikuta nyuma kabisa ya friji sufuria yako ya githeri, yale mahindi na maharage yenu. Sijui umeisahau au umeiacha makusudi, na najizuia kuwaza ni lipi kati ya hayo. Haina nazi, kwa hiyo ilikuwa bado nzima. Tangu Jumanne naichemsha kila asubuhi pamoja na yangu, kila moja na kijiko chake. Sijaonja. Leo ni Alhamisi na inazidi kupungua, ila safari hii najua inakokwenda. Njoo kesho tuile, kabla haijakauka.

Ndimi jirani yako wa kitanda cha juu,

Mbongo