Kidole Kimoja na Mgeni wa Sirari

Jumanne, 9 Julai 2024

Naandika kwenye simu. Daftari Simioni analisoma, halafu anajifanya hajasoma. Mume wangu huyo! Simu ina namba ya siri, ajaribu.

Leo nimetafuta mtandaoni jinsi ya kufukuza chura jikoni. Nikaangukia blogu ya kijana wa Iringa — kazi yake kurekodi vyura wakilia! Kila wiki chura mmoja, na maelezo chini: huyu ana huzuni, huyu anatongoza. Hakuna aliyemtuma. Pembeni kaweka majina ya wenzake wenye blogu za namna hiyo. Mwalimu mmoja Singida anakusanya maganda ya viberiti. Mama wa Ukerewe anachora milango ya majirani zake, na chini ya kila mlango umbea kidogo. Jamani, watu wamejaa duniani! Nimesoma mpaka maharage yakaungua. Mama mkwe akauliza harufu gani hiyo. Nikasema kwa jirani.

Chura bado yupo. Nimemwacha, huenda ni msanii.

Ijumaa, 12 Julai

Mwalimu wa viberiti naye ana marafiki zake. Kwake nimekuta blogu inaitwa Uzi na Ng'ombe. Mwandishi anajiita Kidole Kimoja, kwa sababu ndicho anachochapia. Mzee, tena wa huku huku Mara!

Anafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Ila si maua na njiwa kama vya akina mama. Yeye anafuma ng'ombe. Kila kitambaa ni ngozi ya ng'ombe aliyewahi kumfuga — mabaka yake yote, doa la kwenye paji, kila kitu. Anasema alijifunza hospitalini alipovunjika mguu, kwa mama aliyekuwa anamuuguza mwanawe kitanda cha jirani. Anafuma stoo, komeo limefungwa, watu wakidhani anachanganya dawa ya kupe. Ameandika: "Mzee wa Kikurya akikutwa na sindano ya kroshia, ahame wilaya." Nimecheka peke yangu shambani, migomba ikinishangaa.

Jumapili, 14 Julai

Mungu wangu. Mungu wangu!

Kidole Kimoja ni baba mkwe.

Nilikuwa nimelala chali baada ya kanisa, nasoma zile za zamani. Picha ya kitambaa cheusi chenye baka jeupe tumboni. Kimetandikwa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguuni. Kile kiti nakifuta vumbi kila siku! Nyuma yake kasimama ng'ombe wetu mweusi mwenye pembe iliyovunjika, anatafuna kwa raha zake.

Hapo sikuwa na neno. Neno nimelipata niliposoma chini: "Mke wa mwanangu, msichana wa mjini Turwa, anasonga ugali ambao ukiinamisha sahani unahama."

Unahama?! Mwaka mzima nasonga, mikono imeota sugu, kumbe natangazwa dunia nzima!

Na kumjibu siwezi. Mimi na baba mkwe hatusemeshani, ndiyo heshima ya hapa. Simpi mkono, siingii anakolala, jina lake silitaji, hata humu siliandiki. Akitaka chumvi anamwambia mama, mama ananiambia mimi, nami nimesimama hapo hapo nasikia.

Nice, yaani mimi, hasemeshani naye, sawa. Lakini mtu mwingine je? Nimejiandikisha kwa jina la Atieno wa Sirari, mjane, muuza uzi. Nikamwekea maoni, kwa Kiswahili cha mpakani: "Mzee, hiyo ugali iko sawa tu. Pengine meno ndio imezeeka."

Nimezima simu nikajifunika shuka kichwani.

Jumatano, 17 Julai

Amejibu! "Mama wa Sirari, meno yangu bado yanavunja mfupa. Njoo na mfupa." Basi tumeanza. Yeye anarusha, mimi nadaka. Nimemwambia ng'ombe wake wa juzi amefanana na mbuzi mwenye mimba. Amekasirika, akafumua akafuma upya. Wasomaji wake ni wawili tu — mimi na yule wa viberiti — lakini anaandika kama gazeti.

Jioni baba mkwe kaletewa chakula. Kabla ya kumega, nimemwona akipapasa meno kwa ulimi, moja moja. Nimekimbilia nyuma ya ghala nikacheka mpaka machozi.

Jumapili, 21 Julai

Nimemchokonoa: huyo mke wa mwanao hana zuri hata moja? Nilitaka ugomvi. Amejibu baada ya ibada:

"Analo. Anaimba akidhani hatumsikii. Alipoenda kwao wiki ile ya msiba, nyumba ilinyamaza, hata mimi sikufuma. Ningemwambia, lakini kwetu hapana njia ya kumwambia."

Sikucheka. Nimemwonea huruma, nimejionea huruma na mimi. Mtu tunakula chungu kimoja, na mpaka niwe mjane wa Sirari ndipo anipende!

Jioni nimesonga ugali mgumu, mwiko umelia. Sahani imerudi tupu.

Jumatatu, 22 Julai

Balaa.

Mama mkwe, Bhoke, kaja jikoni na kitu ndani ya kanga. Simu ya baba! Kaichomoa mfukoni alipokuwa anaoga. Kusoma hajui. Anasema mume wake anachekea stoo peke yake, mzee mwenye wajukuu, kwa hiyo kuna mwanamke. Nimsomee.

Nimsomee! Maneno yangu mwenyewe!

Nikakohoa. Nikasema huyu ni bwana mifugo, anasema ng'ombe wana minyoo. Mama akanitazama. Akauliza tangu lini minyoo inachekesha. Akaniwekea kidole kwenye kioo: na hapa pameandikwa nini? Pameandikwa Atieno, mama. Bwana mifugo anaitwa Atieno?

Hakulia. Bora angelia. Alisema amezaa naye watoto saba na kuzika wawili, na hajawahi kumsikia akicheka namna ile. Halafu akaniamuru: mwandikie aje Jumamosi, nimwone kwa macho yangu. Akishaingia huyo, mimi natoka, nakwenda kwa kaka zangu.

Nikaandika. Kwa simu ya baba mkwe, nikijialika mwenyewe: "Njoo Jumamosi." Simu yangu ikalia titi! kifuani. Mama kauliza nini hicho. Chaji inaisha, mama.

Nimempigia Simioni huko Kewanja kazini, nikamweleza yote. Kwanza kacheka. Halafu: mke wangu, mimi simo, kasema. Wakijua umemtania baba yangu, wazee watakaa, na sisi tutahamishwa hapo bomani. Akanisihi niue huyo Atieno mara moja, afe hata kwa malaria.

Alhamisi, 25 Julai

Nimejaribu kumuua. Nimeandika: mzee, siwezi kuja, nina mgonjwa, na blogu naacha.

Jibu lake limekuja saa ile ile, kwa kidole kimoja, sijui alikimbiaje:

"Neno njoo sikuliandika mimi. Lakini lilipoandikwa nimefurahi. Njoo, mama. Nina vitambaa arobaini ndani ya gunia la mbolea. Hakuna mtu aliyewahi kuvishika. Nikifa watavifutia vyombo. Mtu mmoja avione, kisha uache ukipenda."

Sasa nifanyeje? Nikinyamaza, mama anajua mwanamke yupo ila kaogopa, na furushi lake lipo tayari nyuma ya mlango, nimeliona. Nikisema, mimi ndiye wa kufunga furushi. Na nikimwacha mzee akae anangoja mtu asiyekuwepo... Hapana. Utani gani huu nimeuanzisha mimi!

Jumamosi, 27 Julai

Asubuhi

Baba mkwe kavaa koti la harusi ya Simioni. Kafagia uwanja mwenyewe! Kwa mama kasema tu kwamba kuna mgeni wa uzi. Mama kavaa kitenge kipya na kukaa mlangoni kama askari. Simioni kafika kutoka Kewanja, kanipita bila kunitazama. Nimechinja kuku wa mgeni. Na mgeni mwenyewe ndiye mimi, ninayemnyonyoa.

Mchana

Nimechungulia dirishani. Baba mkwe kafungua gunia! Anavitandaza vitambaa kwenye ua wa mkonge, kimoja kimoja. Wekundu, weusi, wa madoa, wa kijivu — zizi zima limerudi, hata waliokufa ukame ule! Simioni kasimama mdomo wazi. Majirani wanapunguza mwendo njiani.

Mama kainuka. Nilidhani anakwenda kuvichana. Kapita polepole, kafika kwa mmoja mwekundu mwenye kola nyeupe shingoni, kasimama. Akamshika. Akasema huyu ndiye aliyetangulia siku ya mahari yangu. Nilimkamua huyu miaka kumi na moja.

Halafu kamgeukia mumewe: nani amefuma?

Baba mkwe katazama barabara. Mgeni akija atasema, kajibu.

Ni huyo mwanamke? kauliza mama. Huyo Atieno ndiye amemfuma ng'ombe wangu? Wewe ulimsimulia mpaka shingo yake?

Mzee mzima, koti la harusi, jasho linamtoka, neno "mimi" limemshinda! Mama anatazama lile furushi mlangoni.

Simu yangu imetetemeka sasa hivi. Baba mkwe kasimama kando ya ua, kidole kinagonga:

"Umefika wapi? Mke wangu anauliza nani amefuma. Mdomo umegoma. Nisaidie."

Sufuria inachemka. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena:

"Mwambie ni wewe. Mwambie sasa hivi, anaondoka. Mimi nimeshafika zamani, mzee. Niko jikoni."

Nimetuma.

Nachungulia. Anasoma. Anasoma bado. Kainua kichwa, katazama huku. Simu kairudisha mfukoni. Amesema kitu kwa mama, sikusikia — mama kajishika mdomo kwa mikono miwili. Anacheka? Analia? Kaketi chini pale pale, na ng'ombe wake mapajani.

Baba mkwe anakuja upande huu. Anakohoa. Hukohoa hivyo akikaribia jikoni, ili nipate nafasi ya kutoka mlango wa nyuma, tusikutane uso kwa uso. Mwaka mzima nimekuwa nikitoka.

Amekohoa tena. Mlango wa nyuma uko wazi.

Nimekaa.