Maneno ya Mjane

Madrid, Novemba 1958

Dada yangu Amparo,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Toulouse imewahurumia. Mimi mwili uko salama. Sikuipeleka posta, serikali isije ikaifungua. Anakuletea rafiki anayevuka mpaka.

Umeuliza kwa nini mama hajibu barua zako. Nitakueleza, ila nivumilie.

Ile filamu ya mjane niliyokwambia niliimaliza. Kama kawaida yetu waongozaji, nilichomeka wanawake wanaooga mtoni, ili bodi ya ukaguzi ipate cha kukata ishibe, iache niliyoyataka. Walikata, wakacheka, halafu padri mmoja wa bodi akaniita kando. Akasema mjane asiseme mumewe alipigwa risasi ukutani makaburini. “Picha nzuri, kijana, usiiguse. Badilisha maneno tu.” Unajua kwetu sauti huingizwa baadaye studioni. Basi mjane akasema mumewe alitorokea Ajentina na mwanamke. Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe. Nilijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Mjinga mkubwa mimi!

Mwezi Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, wakaipeleka kijijini kwetu. Sikujua; ningejua, ningemzuia mama asiende. Shangazi Casilda alikaa naye, ndiye aliyenisimulia. Mama alivaa nguo zake nyeusi, akawa anawaambia majirani kwamba leo watamsikia baba yetu, Saturio wake, akitajwa hadharani, maana nilikuwa nimemsomea maneno yale ya kwanza jikoni, na alikuwa ameyakariri. Mjane alipofungua kinywa, ikatoka Ajentina. Meya Honorio akapiga paja. “Kumbe Saturio alikuwa anakula raha zake Buenos Aires, na sisi tunamhurumia bibi huyu! Mwanawe mwenyewe kasema!” Ukumbi mzima ukacheka, wengine kwa woga.

Mama akasimama. “Waongo nyie! Mtazameni mdomo wake, anasema walimpiga risasi! Na wewe Honorio ndiye uliyewashikia taa wakilenga!”

Askari walimtoa kabla filamu haijaisha.

Nilipofika, kapteni wao alinipokea kwa kahawa na adabu zote. Akasema kumtukana meya mbele ya watu ni jela, na kwa umri ule mama hatamaliza kipupwe. Ila kama ana kichaa, sheria haina ugomvi na kichaa. Mwanawe athibitishe tu. Amparo, nilisaini. Mama yetu yuko hospitali ya wendawazimu hapa Madrid, na aliyesema ni mwendawazimu ni mimi. Nilidhani ni wiki chache. Sasa daktari anasema hawezi kumtoa bila idhini ya kapteni, na kapteni hajibu.

Naona haya hata kuandika. Nichukie ukitaka, ila usije. Jina lako bado wanalo mpakani.

Jumapili nilimpelekea machungwa. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Aliniuliza jambo moja tu: filamu itarudi lini kijijini, maana siku ile hawakumwacha amalize kusema, na Honorio hakuwa peke yake.

Shangazi Casilda anakusalimu. Wabusu watoto, wala usiwaambie.

Ni mimi nduguyo,
Fermín